Kiganja Juu ya Nyuzi

Watu wanaodhani gitaa ni solo hawajawahi kuishiwa pumzi katikati ya mstari huku ukumbi mzima unawakodolea macho. Mimi nimewahi. Ndiyo maana nikisikia mtu anasifia vidole na mbio zake roho inanichafuka, na nikiwa na nafasi namtolea uvivu palepale.

Kifua changu ni kibovu tangu utotoni. Niliugua nikiwa mdogo, nikapona, lakini hakikurudi kuwa kama cha wenzangu. Sauti ninayo, tena ya kuwagawia majirani. Pumzi ndiyo kasheshe. Bendi haikulijua hilo kwa miaka yote niliyoimba, na mashabiki ndio kabisa, kwa sababu ya mtu mmoja aliyekuwa anakaa nyuma karibu na pazia, ambaye hata mshereheshaji alikuwa akimsahau wakati wa kutaja wanamuziki. Huyo alikuwa mume wangu.

Mchana alikuwa fundi viatu. Jioni alipiga gitaa la ridhimu, yaani lile la nyuma, lile ambalo ukiwauliza watu wakitoka ukumbini watakuambia hawakulisikia. Solo ilikuwa ya mdogo wake, shemeji yangu, ambaye mji mzima ulimwita Vidole. Vidole akianza mambo yake watu walipanda juu ya viti. Mume wangu walimwita Bwana Pazia, na yeye alilicheka hilo jina kuliko wote.

Sasa sikia kazi aliyokuwa anafanya huyo Bwana Pazia. Nikikaribia mwisho wa mstari mrefu, aliweka kiganja cha mkono wa kulia juu ya nyuzi, polepole, na gitaa lake likanyamaza. Mpiga besi akisikia kimya naye analegeza. Ngoma inashuka. Vidole, kwa sababu hana pa kuegemea, anajikuta amesimama bila kuambiwa. Hapo katikati ya wimbo panafunguka kitundu, mimi nachota hewa yangu, kisha kiganja kinainuka na wote tunaingia kama hakuna kilichotokea. Watu walidhani ni madoido. Kumbe ni mtu anamnywesha mkewe pumzi mbele ya kadamnasi.

Niliwahi kumuuliza anajuaje, maana pumzi yangu haikatiki mahali pamoja kila siku.

"Nasikia bega lako," akasema.

"Bega! Bega linasema?"

"La kwako linasema sana. Kama mwenyewe."

Nikamrushia soli ya kiatu. Alikuwa hivyo, maneno yake machache, na kila neno limeshonwa mara mbili.

Alifariki asubuhi moja ya kawaida, ameketi kwenye kibanda chake, uzi wenye nta bado umezungushwa kwenye kidole. Sitaeleza sana hapo. Niseme tu kwamba nilipoambiwa niliendelea kuosha vyombo mpaka vikaisha, na kisha nikaviosha tena.

Baada ya muda bendi ikarudi mazoezini. Mazoezi yetu yalikuwa kwenye chumba cha nyuma cha duka la fundi cherehani, ambaye ndiye mpiga besi wetu. Chumba kina vipande vya vitambaa kila kona, harufu ya pasi, na sanamu moja ya kupimia nguo isiyo na kichwa ambayo mpiga ngoma alikuwa akiivalisha kofia yake. Kiti cha mume wangu kilikuwa palepale. Hakuna aliyekisogeza.

"Shemeji, usiwe na wasiwasi," Vidole akaniambia huku anakaza nyuzi. "Pale pote alipokuwa kaka, mimi nitapaziba."

Akapaziba kweli. Tulianza na wimbo wa mlango, ambao mume wangu aliutunga kwa ajili yangu: *Mlango nimeurudishia tu, sijautia komeo*, halafu pumzi, halafu *ukija usibishe hodi*. Nilifika kwenye neno komeo nikiwa sina kitu kifuani, nikangoja kile kitundu, na badala yake nikamiminiwa noti kama mtu aliyefunguliwa bomba usoni. Nilikohoa mpaka nikashika ukuta.

"Acha nafasi pale," nikamwambia.

"Nafasi ya nini?"

"Ya kuvuta pumzi."

"Shemeji, pumzi si unavuta kwa pua? Mimi natumia mikono."

Wenzake wakacheka. Ningeweza kuwaambia habari za kifua changu palepale, lakini mimi na aibu yangu tumekaa pamoja muda mrefu, hatuwezi kuachana kwa kicheko cha mpiga ngoma. Nikamwambia maneno mengine ambayo siyaandiki. Tukaanza upya kwa hasira.

Na safari ile, nilipofika kwenye komeo, gitaa la Vidole likanyamaza.

Halikukwaruza wala halikuchoropoka. Lilizimwa polepole, kwa adabu. Besi ikalegea yenyewe. Ngoma ikashuka. Nikavuta pumzi ndefu, safi, na ndani ya hiyo hewa mlikuwa na harufu ya gundi ya viatu. Kisha gitaa likaamka na sote tukaingia.

Tulipomaliza wote walilitazama gitaa. Fundi cherehani ndiye aliyeanza.

"Waya huo," akasema. "Umekatika ndani."

Wakabadilisha waya. Tukarudia, ikawa vilevile. Wakaazima gitaa lingine kwa jirani, vilevile. Siku iliyofuata akaitwa fundi redio, akafungua amplifaya, akapuliza vumbi, akagongagonga kwa bisibisi, akatangaza kwamba chombo ni kizima kuliko sisi. Kila wimbo, bega langu likifika mahali pake, gitaa lilikuwa linanyamaza, na mahali penyewe palikuwa pakibadilika kadiri pumzi yangu inavyobadilika. Hakuna waya unaojua mambo hayo.

Vidole alisubiri wenzake waende kunywa chai, akanifuata. Alikuwa ameshika kitambaa cheupe alichookota sakafuni.

"Shemeji, tazama. Nimefuta nyuzi."

Kitambaa kilikuwa na mstari mweusi wa nta. Nta ya uzi wa viatu, naijua, nimeisugua kwenye mashati ya mume wangu nusu ya maisha yangu.

"Kuna kitu kinaniwekea mkono," akasema kwa sauti ya chini. "Juu ya mkono wangu. Kinaulaza kwenye nyuzi. Hakinibani, wala hakiniumizi. Ila ni baridi, shemeji, sijui nikuelezeje."

Mtu mwema angeogopa, au angemhurumia. Mimi nilifurahi. Nasema wazi, nilifurahi. Nilikuwa nimelala peke yangu, nimekula peke yangu, nimeambiwa pole na kila mwenye mdomo, na kumbe bwana hajaenda popote. Yuko kazini, kule nyuma anakokaa siku zote.

"Ni uchovu tu huo," nikamwambia. "Tuendelee."

Baada ya hapo niligundua jambo. Siku moja Vidole alikuja amechoka, anapiga kivivu, na kwa bahati tu akainua mkono wake pale nilipohitaji. Kimya kikaja, lakini kilikuwa kimya cha kawaida tu. Harufu haikuwepo. Nikaelewa mara moja: mume wangu anakuja pale tu panapozibwa. Palipo wazi hana kazi, na kamwe hakuwa mtu wa kujionyesha.

Basi nikaanza kumsukuma shemeji yangu apige solo. Nilimsifia mimi, niliyekuwa nikiwatukana wanaosifia solo. "Jaza, shemeji! Mbona unanibania? Usiniachie hata upenyo!" Naye, maskini, nani asiyependa kusifiwa? Alijaza. Kadiri alivyojaza ndivyo kiganja kilivyokuja mara nyingi zaidi, na mimi nikawa naimba kuliko nilivyowahi kuimba. Niliongeza mistari mirefu makusudi. Nilichelewa kuvuta pumzi makusudi, ili nikipewa nipewe ndefu. Fundi cherehani alisema ujane umenipa sauti mpya. Nikamwacha aseme.

Nikaanza kwenda mazoezini mapema kuliko wote. Nilikaa karibu na kile kiti, nikizungumza mambo ya nyumbani, bei ya mkaa, paka wa jirani. Sikujibiwa. Ila sentensi ikinishinda nikatua kutafuta neno, cherehani za kule mbele dukani nazo zilikuwa zinatua, zote pamoja, mpaka nilipate.

Vidole alianza kuja na sweta. Jua la kupasua mawe, yeye kavaa sweta, mkono wa kulia kaufunika mpaka kwenye kucha. Mara akadondosha kikombe cha chai. Mara akaniomba nimfungulie kifuniko cha chupa, na alipoona namtazama akacheka, akasema amelalia vibaya. Akipiga, vidole vyake vilikuwa bado vina mbio, lakini vilikuwa vyeupe kwenye ncha kama vya mtu aliyekuwa anafua tangu asubuhi. Niliona. Nilitazama pembeni.

Mama mkwe wangu ndiye aliyenitumia ujumbe nifike kwake. Mama huyu amezaa watoto wawili tu, wote wapiga gitaa, na huwa anasema laiti angezaa mbuzi. Nilimkuta sebuleni kwake ameketi kwenye stuli, Vidole sakafuni mbele yake, mkono wa kulia umo ndani ya beseni la maji ya moto. Mvuke ulikuwa unapanda. Mama alikuwa anausugua kwa mafuta, anautumbukiza, anautoa, anausugua.

"Karibu, mwanangu. Njoo umshike mwenzio mkono."

"Mama, ni baridi tu," Vidole akasema.

"Baridi ya jua hili? Nyamaza wewe. Njoo, mwanangu, shika."

Nikashika. Ulikuwa umetoka kwenye maji ya moto wakati huohuo, na ulikuwa baridi kama sakafu. Nilijaribu kuukunja, haukukunjika vizuri. Vidole alikuwa ananitazama usoni akisubiri nimwambie si kitu.

"Nenda kaniletee maji mengine," mama akamwambia. Alipotoka, mama akaniinamia. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

"Mwanangu, siku ile kibandani mimi ndiye niliyefika wa kwanza. Nilimshika mumeo mkono kabla yako. Naukumbuka mpaka leo, jinsi ulivyokuwa." Akaonyesha beseni kwa kidevu. "Ndio huu."

Nikalitazama beseni, mvuke bado unapanda.

"Sikuulizi mnafanya nini huko mazoezini. Mmoja nimeshamzika, sikulalamika. Huyu naomba mniachie."

"Mama, mimi sina..."

"Nimesema mniachie. Wewe na huyo mumeo."

Nilitoka pale nikiwa nimemkasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu. Nilitembea nikimjibu njiani kwa sauti, watu wakinipisha. Kwamba yeye amebakiwa na mmoja, mimi je? Kwamba mtoto wake ana mikono miwili. Ndiyo, nililisema hata hilo, mbele ya duka la vocha, na muuzaji akaniuliza kama nahitaji kitu. Nilifika nyumbani nikamkasirikia marehemu naye: wewe uliyesikia bega langu katikati ya kelele zote zile, mkono wa mdogo wako unaokufa huusikii? Lakini hakuwa akinijibu nyumbani, na jibu nilikuwa nalo. Alimsikia mmoja tu. Alifuata pumzi yangu kwa sababu mimi nilikuwa naendelea kumwita.

Kesho yake nilimkuta Vidole peke yake kwenye chumba cha nyuma. Nikamwambia asichomeke gitaa. Nikamweleza habari za kifua, kuanzia utotoni mpaka siku ile, bila kupamba. Alisikiliza mdomo wazi.

"Miaka yote hiyo? Na kaka ndiye alikuwa..."

"Ndiye."

"Mimi nilidhani ananikatisha. Nilikuwa namlalamikia kwa mama kwamba ananionea wivu." Akakaa kwenye rundo la vitambaa. "Alikuwa ananiambia, wewe mdogo wangu unapiga vizuri ila husikii. Nilidhani ananitukana."

"Alikuwa anakutukana. Sasa simama hapo nyuma yangu utazame bega."

Ilikuwa kazi ya kumtoa mtu roho. Vidole akiwa na gitaa ni kama mtoto aliyebanwa haja, hawezi kutulia. Nilikuwa naimba, yeye anapiga nyuzi mbili tu, taratibu, bila umeme, na bega langu likipanda anatakiwa aulaze mkono. Akichelewa, kile kiganja kingine kinamlazia. Nilikuwa nasikia harufu ya gundi ikija mgongoni na najua shemeji ameshindwa, na moyo wangu, nisidanganye, ulikuwa unaruka kwa raha kila aliposhindwa. Akapatia mara moja. Akakosa nyingi. Akapatia tena. Akaacha kutazama vidole vyake, kisha akaacha kutazama chochote, akawa amefumba macho na kuinamisha kichwa upande mmoja, na hapo nikaogopa kweli, maana ndivyo alivyokuwa anakaa kaka yake.

Tulipata mwaliko wa kupiga Jumapili alasiri kwenye ukumbi tuliouzoea. Viti vya plastiki, mafeni yasiyozunguka yote, mama mkwe safu ya mbele na mkoba wake mapajani. Nilivaa mtandio mzito mabegani. Nilijiambia ni kwa ajili ya upepo. Upepo gani, mafeni yenyewe yale?

Vidole aliona. Alitazama mabega yangu yaliyofunikwa, akanitazama usoni. Akavua sweta, akalitundika kwenye kile kiti karibu na pazia, akashika gitaa.

Tukaanza wimbo wa mlango. Mstari wa kwanza ukaja, nikaufikisha kwenye komeo, na Vidole hakuona lolote, akapitiliza. Papo hapo baridi ikanigusa shingo. Harufu ikaja, kali kuliko siku zote, gundi na nta na ngozi mbichi, na gitaa likalazwa kimya. Nikavuta ile pumzi. Jamani, ilikuwa tamu. Ilikuwa ndefu kiasi kwamba ningeweza kukaa humo ndani bila kutoka. Nyuma yangu nilimsikia Vidole akitoa sauti ndogo, kama mtu aliyejikata. Niligeuka nikaona ule weupe umepita kiwiko.

Mstari uleule ulikuwa umeshaanza tena kinywani mwangu. Safu ya mbele mama alikuwa amesimama. Watu walidhani amesimama kucheza.

Nikauvuta mtandio nikauangusha.

Niliimba nikiwa nimempa mgongo shemeji yangu, mabega wazi, na nilijua nyuma yangu kuna wawili wanaonisikiliza. Nilitaka bega langu lisiseme. Nililibana. Lakini kifua hakina siri, kikiisha kimeisha, na nilipofika kwenye komeo bega likapanda lenyewe. Vidole akaulaza mkono wake. Wake mwenyewe, kwa wakati wake, wala si mapema wala si kuchelewa. Besi ikalegea. Ngoma ikashuka.

Nikavuta pumzi. Ilinuka jasho la watu, soda iliyomwagika na vumbi la pazia. Mgongoni kwangu palikuwa na joto la alasiri, basi. Nilingoja kidogo zaidi ya nilivyohitaji, na Vidole, kwa kuwa sasa alikuwa anasikia, akaningojea. Hakuna aliyekuja.

Nikaingia na mstari uliobaki. Tukaupiga wimbo wote hivyo, kitundu baada ya kitundu, kila kimoja kikiwa kimepimwa sawasawa na kila kimoja kikiwa kitupu, na Vidole hakupiga solo hata moja. Ukumbi ulikuwa kimya mpaka mwisho. Kisha wakapiga makofi, ila si yale ya kupanda juu ya viti. Mama mkwe alipita moja kwa moja mpaka jukwaani, akamshika mwanawe mkono wa kulia, akaupeleka shavuni, akafumba macho hapo.

Vidole alinitazama juu ya kichwa cha mama yake. Alikuwa analia na anacheka.

"Nimepatia, shemeji?"

"Umepatia," nikamwambia.

Nikamchukia. Nilimchukia kwa kupatia vile, nikainama nikaokota mtandio wangu, nikaupeleka uso wangu nyuma ya pazia ambako hakukuwa na mtu.